Oili ya Kompresa ya Baba

Kabati la milango mitatu lilikuwa limebakiza mkono mmoja wa vanishi. Nilipopuliza, mlango wa katikati ukaota vidoa vya duara, vanishi inaikimbia mbao. Nikapiga msasa, nikapuliza tena, vikarudi vilevile. Nikafungua mpira wa upepo mbele ya karatasi nyeupe. Karatasi ikapata madoa ya oili.

Hiyo ilikuwa Keko, Dar es Salaam, Machi 2012, miezi minne tangu baba atutoke. Aliniachia karakana na kompresa yake, mashine ya upepo wa kupulizia vanishi, ya mikanda miwili, kongwe kuliko mimi, kibati chake cha maelezo kimefutika kabisa. Oili alikuwa akiweka yeye, na sikuwahi kumwuliza ni ipi. Zamu yangu ilipofika nikanunua oili ya injini ya dizeli, 15W-40, tena ya bei ya juu, kwa sababu nilitaka kuienzi mashine yake.

Nikamwita fundi mmoja mzee kutoka Temeke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Humu umeweka nini?"

Hata mkoba hajautua. Alikuwa ameshakiona kile kioo cha kupimia oili: ndani kuna rangi ya chai ya maziwa, na povu juu yake.

Alifungua kichwa, akatoa vibati vya valvu, akanipa nivishike. Vilikuwa na masizi magumu kama ya sufuria ya kuni, na kimoja hakilali sawasawa tena.

"Oili ya injini ina sabuni, yaani dawa ya kusafisha," akasema. "Kwenye gari sabuni inaubeba uchafu mpaka kwenye filta. Hebu nioneshe filta ya oili ya mashine hii."

Hakuna. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko tu, kinachota oili na kuirusha juu. Uchafu ukibebwa, unazunguka nayo. Na maji je? Dar wakati wa masika hewa yenyewe ni mbichi, na kompresa inayowashwa dakika chache kisha ikazimwa haipati joto la kuyakausha. Sabuni inayachanganya na oili. Oili isiyo na sabuni inayaacha yatulie chini, uyamwage.

Hakunificha kwamba ringi za pistoni nazo zimelika, na kwamba hakuna oili inayotibu ringi. Tukazibadilisha. Ila oili yake akaniandikia kwenye kipande cha boksi: ya kompresa ya upepo, ISO 100, namba ya uzito wake, ikikosekana, SAE 30 isiyo na sabuni. Nikauliza kuhusu 68, maana niliwahi kuisikia. Akasema ni nyepesi mno kwa mashine ya umri ule na joto letu.

Kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani nilizunguka karibu asubuhi nzima. Duka la kwanza waliniletea oili ya kompresa ya friji, na ningeichukua, maana kopo limeandikwa kompresa kweli. Ile ni ya kukaa na gesi ya friji, kazi nyingine kabisa. Mpaka leo kijana akiniambia anaenda kununua "oili ya kompresa", namrudisha nimwulize kompresa ya nini.

Tulimwaga ile chai, tukafuta tope la chini kwa vitambaa. Nilipotaka kusuuza kwa petroli mzee alinishika mkono: mvuke wake ukibaki kwenye mashine inayopata moto, unaweza kulipuka. Tukaweka oili mpya kidogo, tukawasha kwa muda, tukaimwaga hiyo nayo, ndipo tukajaza hadi katikati ya kioo. Mtungi wa upepo nao tukaufungulia chini. Ulitoa maji ya kutu kwa muda mrefu, na hayo yalikuwa uzembe wangu, kwani baba alikuwa akiyamwaga kila jioni na nilikuwa namwona.

Karatasi ya pili ikatoka nyeupe. Kabla ya kurudi kwenye kabati nilichukua brashi na rangi nyekundu, nikaandika pale kibati kilipokuwa: 100, BILA SABUNI.