Pampu ilikuwa nzima, ilikuwa inavuta upepo tu

Gari yangu ya dizeli ilisumbua kuwaka, mafundi wawili wakaniambia kuhusu pampu ya dizeli "pampu imekufa hiyo, tafuta nyingine" na hakuna hata mmoja aliyefungua mpira wa dizeli akaangalia. Hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Gari ikilala, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, ikiwaka moshi mweupe, inatetemeka, inazima. Pampu yenyewe ni ile ya kichwa kimoja kinachogawa dizeli kwa nozeli zote (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini). Fundi wa pili akasema taimingi (muda wa dizeli kupulizwa ndani ya injini) imechelewa, akalegeza pampu akaisogeza, moshi ukapungua kweli lakini injini ikaanza kugonga vibaya sana nikamwambia rudisha haraka. Nashukuru nilikuwa nimeshachora alama kati ya pampu na kitako chake, usikubali mtu aguse zile nati kabla hujaweka alama.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nikachukua dumu safi, nikalijaza dizeli nikalifunga juu kuliko pampu, mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka pampu, yaani tenki na filta zote nimeziruka. Nikatoa upepo, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi stata moja tu ikawaka! Nilipiga kelele peke yangu. Pampu iliyokufa haiwezi kuwasha gari hivyo.

Sasa nikarudisha kila kitu, nikaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu: mapovu yanapita mfululizo. Nikakihamishia kabla ya filta, hakuna povu. Kumbe oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya pampu ya mkono, ile ya kuvutia dizeli pale juu ya filta, imekauka na kupasuka. Na hakukuwa na tone la dizeli nje, maana upande ule pampu inavuta, kwa hiyo tundu linaingiza upepo badala ya kumwaga mafuta, na gari ikilala dizeli inarudi tenki. Ndo maana ukitafuta kwa kuangalia palipolowa hupati kitu.

Na ile taimingi? Ndani ya pampu kuna kipistoni kinachosukumwa na presha ya dizeli ili kuwahisha taimingi, upepo ukiingia presha inashuka, kipistoni hakisogei inavyotakiwa, moshi mweupe huo. Fundi aliona dalili sawasawa ila chanzo akakikosa.

Nimebadilisha oringi na washa za kopa, nikapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, nikalegeza nati za nozeli na kupiga stata mpaka dizeli ikatoka bila povu. Inawaka vizuri kila asubuhi, na pampu ipo palepale kwenye alama yangu.