Dozi moja kabla ya kisu: tulivyopunguza seftriaksoni katika hospitali yetu Bukavu

Hapa kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, kazi ya mfamasia wa hospitali imezoeleka hivi: anaagiza, anapokea makatoni, anahesabu, anatoa dawa kwa boni, yaani karatasi ya kuombea dawa, anaandika kwenye kadi ya stoku. Dawa ikishapita dirishani, si yake tena. Chuoni tulisoma jambo jingine. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Hepler na Strand, waliandika kwamba mfamasia anawajibika kwa kile ambacho dawa inamfanyia mgonjwa, si kwa kuitoa tu. Niliipenda sana hoja hiyo. Kisha nikaajiriwa, nikakabidhiwa funguo za depo, ghala letu la dawa.

Kilichonitoa depo ni seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Kila mwisho wa mwezi ilikuwa inaongoza kwa makuta, yaani pesa, tuliyotumia. Nikaanza kufuata boni moja baada ya nyingine nione inakokwenda, nikakuta sehemu kubwa haiendi kwa wenye homa ya uti wa mgongo wala nimonia kali. Inapanda wodi ya upasuaji na ya uzazi, kwa watu ambao hawana maambukizi yoyote: aliyefanyiwa henia, aliyetolewa uvimbe, mama aliyejifungua kwa sezarieni. Sindano asubuhi na jioni, siku tano, pengine saba. Ukiuliza sababu unaambiwa ni kinga.

Kinga ya namna hiyo haina msingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji unasema antibiotiki, pale inapohitajika, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kugusa ngozi, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Sababu yake si ngumu. Vijidudu huingia wakati ngozi iko wazi, na huo ndio muda dawa inapotakiwa kuwa imejaa kwenye damu na nyama. Sindano ya siku ya nne haizuii kitu kilichokwisha kuingia siku ya kwanza. Inafundisha vijidudu vya tumboni mwa mgonjwa kuizoea dawa. Na seftriaksoni si dawa ya kuchezea. Katika mgawanyo wa antibiotiki ambao Shirika hilo lilitoa mwaka 2017, iko kundi la pili, lile la dawa zinazopaswa kuangaliwa kwa makini. Sefazolini, antibiotiki nyingine inayofaa kwa upasuaji mwingi, iko kundi la kwanza, lile la dawa za kuanzia.

Madaktari wetu waliyajua hayo yote. Nasisitiza kwa sababu watu wa nje wakija kutusaidia huwa wanaanza na semina, mabango na chai. Daktari mpasuaji wetu aliweza kunisomea mwongozo ule kwa kichwa. Kilichokosekana ni picha ya kile tunachofanya sisi wenyewe, saa kwa saa, ndani ya kuta zetu.

Basi nikachora fomu. Ukurasa mmoja: aina ya upasuaji, dawa gani, saa ya dozi ya kwanza, saa ya kisu, dozi ya mwisho ilitolewa lini, dawa ilitoka wapi. Hakuna jina la mgonjwa, hakuna jina la mfanyakazi. Hilo la pili ndilo lililofungua milango. Hospitali zetu zimezoea ukaguzi, na mkaguzi akishika kalamu kila mtu anaficha daftari. Nilipata ruhusa ya mkurugenzi na ya kamati ya maadili, kisha nikaenda kukaa na wauguzi wa zamu kabla sijagusa faili hata moja. Saa ya kisu haikuwa kwenye karatasi za wodi. Ilikuwa kwenye karatasi ya mtaalamu wa nusukaputi, na karatasi hiyo ilikuwa inabaki chumba cha upasuaji. Kwa hiyo rafiki yangu wa kwanza katika utafiti huu akawa yeye.

Hesabu zilipopangwa, wingi wa siku za sindano haukumshangaza mtu. Saa ndizo zilizoshangaza. Dozi ya kwanza ilikuwa inatolewa wodini saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na sindano za wengine, kwa sababu ndiyo saa ya kubadilishana zamu. Upasuaji wenyewe unaweza kuanza saa tano, saa sita, hata saa nane mchana: umeme umekatika, jenereta inasubiri mafuta, au imeingia sezarieni ya dharura. Wengine walipata dozi ya kwanza baada ya kushonwa, kwa kuwa ndugu walikuwa bado mjini wanatafuta makuta.

Hapo ndipo nilipoona hatari ambayo singeiona nikiwa nimekaa depo. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu. Saa nane hivi baada ya sindano, bado karibu nusu yake iko kwenye damu. Sefazolini hupungua kwa nusu kila saa mbili hivi, na upasuaji ukizidi saa nne dozi hurudiwa. Tungebadilisha dawa tu, tukaacha dozi itolewe alfajiri wodini, mgonjwa wa saa sita mchana angepasuliwa karibu bila kinga. Badiliko zuri kwenye karatasi lingezaa vidonda vyenye usaha, na lawama ingeangukia sefazolini. Tukakubaliana mpangilio: kwanza dozi ihamie chumba cha upasuaji, mkononi mwa mtaalamu wa nusukaputi. Kisha dozi za baadaye ziondoke. Dawa yenyewe ibadilishwe mwisho.

Kuhamisha dozi kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile ya vipengele 19, ilikuwa imebandikwa ukutani kitambo, imefifia. Ndani yake mna swali: je, antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Tulibishana kidogo, dakika 60 au 120, mpaka daktari akasema tushike 60 kwa kuwa ndiyo iliyo ukutani na wote wanaiona. Famasia ikaandaa kisanduku cha chumba cha upasuaji, dawa ziko tayari, tunakijaza upya kila asubuhi kwa kuangalia chupa tupu.

Kigingi kilikuwa pesa. Mgonjwa wa upasuaji alikuwa ananunua furushi: glavu, nyuzi, seramu (maji ya dripu), mabomba ya sindano, pamoja na seftriaksoni ya siku tano. Furushi lilikuwa linaingizia famasia, na sehemu ya mapato ya famasia ndiyo inayolipa posho za wafanyakazi, maana mishahara ya serikali mnaijua. Ukitoa chupa zile kwenye furushi, unagusa sahani ya muuguzi yuleyule unayemwomba ushirikiano. Hakuna mwongozo wa kimataifa unaolizungumzia hilo. Nilikaa na mhasibu jioni nyingi. Tukaongeza kwenye hesabu vitu ambavyo boni ya dawa haivionyeshi: mabomba, maji ya kuyeyushia, kanula zinazobadilishwa mshipa ukivimba, kitanda kinachoshikiliwa na mtu ambaye angeshakwenda kwake. Mwishowe kamati ya uongozi ilikubali bei moja ya jumla ya upasuaji, dozi ya kinga ikiwemo, bila furushi la siku tano. Famasia ilipoteza kidogo. Vitanda vilizunguka haraka zaidi. Mhasibu, ambaye mwanzoni alikuwa ananikwepa kwenye ngazi, sasa ndiye anayeitetea bei ile kuliko mimi.

Bei ya jumla ilitibu na ugonjwa mwingine. Zamani ndugu walikuwa wanajinunulia seftriaksoni kwenye vibanda vya mjini, na pakiti nyingi zina ampuli ya lidokaini, dawa ya ganzi, ya kuyeyushia. Hiyo ni ya sindano ya msuli peke yake. Haiingii mshipani kamwe. Muuguzi aliyechoka usiku anaweza asiione tofauti. Sasa pakiti hizo hazifiki wodini.

Ikabaki hofu. Muuguzi mkuu wa wodi, mama aliyefanya kazi hapa tangu mimi niko shule ya msingi, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Farma, kidonda kikioza, ni weye utakuja kukipansa?” Yaani kukisafisha na kukifunga. Nikamjibu, “Ndiyo, Mama Chef, uniite.” Aliniita kweli. Kila kidonda chenye wasiwasi nilipanda kwenda kukiona, tukaandika pamoja: ni maji tu, ni damu, ni usaha. Nadhani kupanda kule ngazi kulifanya kazi kuliko jedwali zangu zote.

Kufuatilia vidonda ni kazi yenyewe. Maambukizi ya upasuaji huhesabiwa mpaka siku ya 30, na siku hiyo mgonjwa yuko Walungu, Kabare au kisiwani Idjwi, simu haina chaji. Kwa akina mama tulipata mlango mzuri: watoto wao wanakwenda kwenye chanjo wakiwa na wiki sita, katika kituo cha afya cha karibu na nyumbani. Tukawaomba wauguzi wa vituo waulize maswali matatu mafupi kuhusu kidonda, watutumie ujumbe. Si wote waliotuma. Kwa tuliowapata, vidonda vilivyooza havikuongezeka. Sisemi vilipungua, wagonjwa wetu ni wachache mno kwa dai kama hilo, na anayetaka kulitoa kwa hospitali ya ukubwa wetu nitamwomba anionyeshe hesabu.

Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki zikafungwa, sefazolini ilikwisha. Nilitegemea kila kitu kirudi nyuma. Tulirudi kwenye seftriaksoni, ndiyo, ila dozi moja, chumba cha upasuaji, kabla ya kisu. Hapo nikajua kwamba kilichoingia kwenye mazoea ni saa na idadi. Aina ya dawa itategemea barabara na depo, na hiyo si vita ninayoweza kuishinda kutoka famasia. Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na watu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kwetu, asilimia hiyo inaanza na lori linalofika au lisilofika.

Kwa mwenzangu anayetaka kujaribu: usianze na programu ya kompyuta. Fomu ya karatasi na saa ya ukutani inayokwenda sawasawa vilitutosha, na nasema saa kwa makusudi, kwani ya chumba cha upasuaji na ya wodi zilikuwa zinapishana mpaka tukazioanisha.

Sasa nimeongeza safu moja kwenye fomu: vidonge vya amoksisilini, antibiotiki nyingine, ambavyo mama wa sezarieni anaandikiwa aende navyo nyumbani, wiki nzima, bila ugonjwa. Daktari mmoja wa uzazi ameanza kuviacha kwa wagonjwa wake. Mwingine anataka kwanza aone hesabu za wodi yake mwenyewe. Ni haki yake, na wanafunzi wa famasia walio kwenye mazoezi wameanza kumkusanyia.