Jicho Lilipozimika

Jioni ya Jumapili moja mwaka 2016, nyumbani kwetu Tanga, nilikuwa nikisahihisha madaftari ya kidato cha pili pale kiza kilipoanza kushuka katika jicho langu la kulia, kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama pazia linaloteremshwa. Sikuhisi maumivu yoyote. Nilidhani umeme umekatika, lakini feni ilikuwa ikizunguka. Nikaliziba jicho la kushoto kwa kiganja, daftari likatoweka pamoja na kalamu nyekundu niliyoishika. Nikaliziba la kulia, vyote vikarudi, hata mistari ya buluu ya karatasi.

Baada ya dakika kama tano nuru ilirejea, nami nikashukuru Mungu na kuishika kalamu. Hapo ndipo nilipokaribia kukosea vibaya. Mke wangu, aliyemuuguza baba yake baada ya kupooza upande mmoja, alikataa katakata.

"Baba Salma, jicho halizimiki hivi hivi. Vaa viatu twende."

Katika zahanati ya jirani niliambiwa ni uchovu, nikapewa dawa ya matone. Mke wangu aliitia mkobani bila kuifungua, akasimamisha bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari wa zamu alianza na shinikizo la damu, likawa 190 kwa 110, kisha akaniwekea kifaa chake cha kusikilizia shingoni, upande wa kulia, akatulia kwa muda mrefu. Alisikia mvumo. Alitueleza kwamba mshipa mkubwa unaopitisha damu shingoni kwenda kwenye ubongo na jicho huweza kujengeka mafuta ndani, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la juu aliyevuta sigara miaka mingi kama mimi, na kwamba kipande kidogo kikimeguka kinaweza kuuziba kwa dakika chache mshipa mwembamba wa jicho. Kikielekea kwenye ubongo, huleta kiharusi, na siku mbili za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Nililazwa usiku ule, nikapewa aspirini, na asubuhi kipimo cha mawimbi ya sauti kilithibitisha kwamba mshipa umekuwa mwembamba. Kabla ya hapo, alfajiri, mke wangu aliniziba jicho la kushoto kwa kiganja chake, akaninyooshea vidole. Nikamwambia ni vitatu. Akabadilisha, akaninyooshea tena.