Jina Kwenye Fomu

Ilikuwa msimu wa kusi wa 2018, siku za bamvua. Bamvua naitaja kwa makusudi: maji yakijaa, njia ya ufuoni kutoka Lamu mjini hadi Shela humezwa, na saa tisa usiku nahodha humpati.

Wakati huo nilikuwa mshauri nasaha mchanga mwenye sheria zake. Kila mteja nilimwambia siku ya kwanza: baada ya saa kumi na mbili jioni simu sipokei, ukizidiwa, mpigie huyu uliyemwandika hapa. Hapo palikuwa mstari wa mwisho wa fomu, "mtu wa kuitwa kwa dharura". Nilikuwa nikiupitia kama karani anayegonga mhuri.

Simu ikabip. Ikabip tena. Kisha ujumbe: "Tafadhali nipigie simu. Asante." Nambari niliitambua: ya mteja wangu wa Shela, nami niko Lamu mjini. Nikaitazama kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka, halafu nikapiga.

Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kazi zake zote. Tulifundishwa kuuliza bila kuzunguka, maana swali halimtii mtu wazo ambalo hana. "Dadangu, unafikiria kujiua?"

"Naam." Vidonge alikuwa navyo mapajani.

Nikaitoa fomu mkobani (kuibeba nyumbani lilikuwa kosa jingine). Mstari wa mwisho: mama mkwe. Huyo huyo ambaye tulikuwa tumemzungumza wiki sita nzima.

Nikataja hospitali. Hapo alinijibu upesi: "Wataniitia polisi." Wala hakuwa akizusha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kingali hai: kujaribu kujiua ni kosa, kifungo hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikuja kukitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025, na sisi tulikuwa bado 2018, usiku, bahari katikati yetu.

Sijui swali lilinijia wapi. "Ukiishiwa chumvi usiku, wabisha kwa nani?"

Akanyamaza. "Kwa bibi wa mahamri."

"Ameamka?"

"Taa yake yawaka."

"Basi inuka. Vidonge njoo navyo. Simu usikate."

Salio langu lilikuwa shilingi thelathini na kitu, nikawa naomba kimoyomoyo lisiniangushe. Nilisikia ndara zake kwenye mchanga, kisha hodi, kisha mlango ukilia. "Nani saa hizi?" Halafu sauti ile ile, sasa chini: "Ndoo, mwanangu. Ndoo." Njoo, kwa Kiamu. Salio likakata.

Nikakaa kitako hadi adhana. Nilivuka na boti ya kwanza.

Nilimkuta mteja wangu amelala kitanda cha kamba, mdomo wazi kama mtoto. Bibi alikuwa kwenye karai, mafuta yakichemka, unga hadi viwikoni. Hakuwa amemuuliza kitu. Alikuwa amevichukua vidonge na kuvifunga kwenye pindo la leso, kwenye fundo lile lile anamoweka chenji za wateja.

"We ndiye wa simu?"

"Ndimi, bibi."

Akapangusa mikono, akalifungua fundo, akanihesabia vidonge kiganjani kimoja kimoja, na sarafu ya shilingi kumi iliyoponyoka katikati akairudisha kwake. Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.