Radi ya Lackawanna

Juzi vuli imetushukia ile ya kweli, radi zinapiga upande wa Manda, binti yangu akaniuliza, mama, kwani mjomba huko kwenye theluji hana radi? Nikamwambia anayo, tena mimi na bibi yako tumeisikia kwa masikio yetu tukiwa hapa hapa Lamu. Hakuniamini, akaenda kulala, mimi ndo usingizi ukaniruka.

Ilikuwa Novemba 2014. Kaka alikuwa Lackawanna, mji mdogo pale kusini ya Buffalo, Marekani, amepanga karibu na Wayemeni maana angalau msikiti upo na watu wa kusalimiana nao wapo. Kazi, baridi, upweke, hizo hadithi zake mnazijua. Asubuhi hiyo tumeshasali alfajiri, mama yuko na kahawa yake, simu ikaita. Kwao bado ni usiku. Nikaweka laudi. Kaka anasema theluji inamwagika tangu jioni, hata taa ya barabarani haioni, na mama anachotaka kujua ni kama amekula.

Hapo hapo ikapiga.

Kwanza kaka alinyamaza katikati ya neno, kisha akasema ya Allah, kote kweupe, maana umeme ukimulika ndani ya theluji ile kila chembe inarudisha mwanga, juu, chini, dirisha zima. Halafu ikaja yenyewe kwenye simu: dum, moja, nzito, fupi, kama gunia la unga limeangushwa chumba cha juu. Radi zetu huku huunguruma zikabiringika mpaka zikapotelea baharini, hii ilikatika pale pale. Mama akaweka kikombe chini polepole, akanyosha kidole cha shahada, akasoma Subhana lladhi yusabbihu r-raadu bihamdihi, mpaka mwisho, bila haraka, na simu kimya, kaka naye nadhani alikuwa anamfuatisha. Alipomaliza ndo akapaza sauti. Kiyana, funika kioo! Ondoka dirishani! Izime hiyo simu! Kaka akasema haya mama nazima. Usizime!

Ikawa hivyo, zima, usizime, mpaka laini ikakatika yenyewe, na siku nzima mama hakushika kazi.

Mimi nikaanza kusoma, maana nilitaka nipate la kumtuliza nalo. Kumbe Ziwa Erie, lile lililo kando ya mji wao, mwezi wa 11 maji yake bado yana joto, upepo wa baridi kali ukipita juu yake unachukua mvuke, mvuke unapanda kwa kasi, na kule juu chembe za barafu na vipunje laini vya mvua ya mawe vinagongana mpaka wingu linajaa chaji. Ikizidi inaruka, ndo radi. Na mawingu yetu ni vivyo hivyo, sisi huku chini tunatoka jasho, kule juu ni barafu. Surat An-Nur aya ya 43 nimeisoma tangu chuoni, mawingu yanayorundikana, milima yenye mvua ya mawe, umeme unaokaribia kuchukua macho, yote aya moja, na siku ile ndo niliielewa kwa moyo. Mama nilimsomea, akafurahi sana, akasema basi ni ile ile.

Lakini nilisoma na jingine sikumsomea. Theluji inameza sauti. Radi ya mvua unaweza kuisikia kutoka kilomita 15, ile ya kwenye theluji ukiisikia basi iko kilomita chache tu kutoka ulipo. Kwa hiyo ile tuliyoisikia sisi Lamu ilikuwa juu ya kichwa cha kaka.

Kaka naye ana lake. Mitaa ya kusini ya Buffalo ilipata zaidi ya mita moja na nusu ya theluji wakati kaskazini ya mji huo huo walipata kidogo tu, na kwake mlango ulikataa kufunguka, vijana wa Kiyemeni ndo waliomchimbua. Mimi aliniambia, mama hakumwambia. Mpaka leo kila Novemba, kabla hata ya salamu, mama anamwuliza, radi imepiga huko? Anajibu hapana mama, shwari. Nami nikikaa pembeni sijui kama ni kweli au anamhurumia, na sijamwuliza.