Kabla ya kufunga klachi mpya

Dodoma, mwisho wa Novemba

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kongwa. Huu ndio wakati trekta za Massey Ferguson 135 zilizolala tangu msimu uliopita zinaamshwa, na klachi zinagoma. Jioni hii linaloniuma ni moja: klachi pleti mpya, ile sahani inayounganisha nguvu ya injini na gia boksi, kufungwa juu ya uvujaji wa oili wa zamani. Januari, mvua ikiwa imeshika na shamba la alizeti linangoja, klachi inateleza vilevile, na pesa ya mkulima imekwenda.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, lala chini ya trekta utazame tumbo la nyumba ya klachi. Chini kabisa pana kitundu chenye pini. Kimewekwa makusudi, ili oili ikivuja ndani ipate pa kutokea. Huku kwetu huzibwa na udongo mwekundu uliochanganyika na grisi, ukakauka kama tofali. Chokonoa pini. Ikitoka oili nyeusi, nyepesi, sili (kizuizi cha oili) ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini, imechoka. Ikiwa nzito na ingali na rangi yake, inatoka gia boksi, kwenye sili za shafti. Pakiwa pakavu, pleti imekwisha kwa kazi, au dereva analaza mguu kwenye pedeli.

Kuitenganisha trekta, injini iachane na gia boksi, ni kazi ya subira. Toa waya wa betri kwanza, kisha boneti, paipu za dizeli, waya, kebo ya mita na fimbo za usukani. Funga magurudumu ya nyuma kwa magogo. Halafu gongomea kabari za mbao kati ya eksili ya mbele na kiti chake, kushoto na kulia. Hizi zisisahaulike kamwe: eksili inaning'inia kwenye pini moja, na injini ikishaachana na gia boksi inaweza kulala ubavu na kumbana mtu. Weka stendi imara chini ya gia boksi, na jeki ya magurudumu chini ya injini juu ya ubao mpana. Jeki peke yake bila stendi, hapana.

Boliti za klachi zilegezwe kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, kwa kuvukana, ukiwa umetia alama kati ya kava ya klachi na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Trekta zenye klachi ya hatua mbili zina pleti mbili: pedeli ikifika nusu magurudumu yanasimama, ikifika chini PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine za shambani) na pampu ya haidroliki navyo vinasimama. Springi zake zimebanwa kwa nguvu kubwa. Kava isifunguliwe sakafuni kwa nyundo. Ipelekwe kwenye presi, mashine ya kukandamiza.

Vumbi la pleti lisipulizwe kwa kompresa, maana pleti za zamani zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Pleti iliyonywa oili usiioshe kwa petroli ukairudisha. Ikipata joto, oili inachuruzika tena. Pitisha ukucha kwenye flaiwili: ukikwama kwenye mfereji, au ukiona nyufa na madoa ya bluu, ipeleke ikachongwe. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na ile ya kuachilia klachi badilisha zote. Bei yake si kitu ukilinganisha na kupasua trekta upya.

Wakati wa kufunga, pleti zote mbili ziwekwe katikati kwa shafti ya kulenga. Injini ikikaribia gia boksi na pakabaki nafasi ya kidole, usiivute kwa boliti: meno ya shafti hayajakutana na meno ya pleti, na ukikaza utapinda kitovu cha pleti au utapasua nyumba. Mtu mmoja azungushe flaiwili polepole huku mwingine akisukuma. Inaingia yenyewe.

Mwisho rekebisha pedeli iwe na mchezo kidogo kabla ya kushika, na kile kitundu cha chini kirudishiwe pini inayocheza.