Husikii Hiyo Shhh?

Jumapili nilimwasha Bi Mkubwa, ampi yangu ya gitaa la besi, baada ya miezi mingi. Nilimfuta vumbi, nikaunga spika kwanza kama kawaida, kisha nikasubiri valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zipate moto. Binti yangu wa mwisho alikuwa mezani na daftari lake la hisabati. Hakuinua hata kichwa.

"Baba, hiyo shhh ni ya nini?"

Nikamuuliza shhh ipi.

"Hiyo. Kama mtu anakaanga kitu kwa mbali. Kwani husikii?"

Sikusikia. Nilisikia mvumo wake wa chini niliouzoea, nikasikia feni, nikasikia bodaboda barabarani. Nikainama mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika. Ile harufu ya vumbi linalopata joto ilikuwepo, ile ile ya miaka yote. Shhh sikuipata. Nikamwambia amalizie hesabu zake, nikazima.

Tangu hapo yule mzee wa Kariakoo, fundi aliyemtengeneza, hanitoki kichwani.

Ilikuwa mwaka 1992. Wale mliokuwa mkija dansini Ijumaa mnakumbuka hali aliyokuwa nayo Bi Mkubwa. Alikuwa na mvumo, alikuwa na mkwaruzo, na baya zaidi, sauti ilikuwa inapasuka mapema. Zamani nilimfikisha volyumu sita na waya mnene mtupu, usiobanwa kidole, ukatoka mzito, wa mviringo, hauna kovu. Mwaka ule, kwenye tatu tu, noti za chini zilikuwa zinachanika kama turubai kuukuu. Magitaa ya solo na ridhimu yakiingia kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, mimi napotea, na nikijaribu kupanda nawafuata nikiwa naunguruma tu.

Nikafanya kama wengi wanavyofanya, nikabadilisha valvu. EL34 mbili mpya, zile valvu kubwa za mwisho zinazosukuma spika, nilizoletewa na baharia mmoja, zilizomeza fedha zangu za dansi za miezi miwili. Zilidumu usiku mbili. Usiku wa tatu sauti ikarudi kupasuka, na moja ya zile valvu mpya ilikuwa imeshakwisha.

Ndipo nikampakia kwenye mkokoteni hadi kwa mzee. Kibanda chake kilikuwa kwenye uchochoro, nyuma ya maduka ya Mtaa wa Msimbazi, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamzunguka Bi Mkubwa mara moja bila kumgusa. Nikamweleza kuhusu zile valvu.

"Kabla ya kubadilisha, ulipima nini?"

Nikanyamaza.

Kazi ya kwanza aliimaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Alimfungua, akaunga spika ("bila spika unaua transfoma ya kutolea sauti, kijana"), akawasha, kisha akanyoosha mkono na kuzima taa ya kibanda. Gizani niliona nilichokuwa nimeshindwa kukiona jukwaani. Valvu moja ilikuwa na ule mwanga mdogo wa kaa katikati, na ya pili sahani yake yote ilikuwa imewiva, nyekundu kama jembe kwa mhunzi. Akazima upesi.

Alitoa chaji kwenye kapasita kubwa kwa rezista aliyoifunga kwenye kipande cha mti, maana zile hushika mamia ya volti hata waya ukiwa nje ya soketi. Kisha akazing'oa valvu zote mbili, akawasha tena, akapima kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni. Kwenye mguu wa gridi, ule mlango unaobana au kufungulia umeme ndani ya valvu, panatakiwa umeme hasi. Upande mmoja mita ilisema volti hasi 35. Upande wa pili, hasi 12.

"Tazama. Valvu haipo, na umeme bado umeharibika. Kosa la valvu liko wapi?"

Ilikuwa ni kapasita ndogo, ile inayopitisha sauti kutoka valvu ya nyuma na kuzuia umeme mkubwa usipite. Ilikuwa imezeeka, inavuja. Umeme ulikuwa unapenya kidogo kidogo hadi kwenye gridi, na valvu ikawa inafunguka muda wote, haipumziki. Mzee alinieleza kwa kinu. Valvu za mwisho ni wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Huyu akiinua mchi, mwenzake anashusha. Mmoja akiganda na mchi wake chini, hakuna mdundo tena. Transfoma inalemewa upande mmoja, na inapolemewa, noti za chini ndizo zinazokufa kwanza. Waya mnene mtupu wa besi hutikisika mara 41 tu kwa sekunde. Hakuna noti inayoidai transfoma kama hiyo. Na mvumo pia ulitokea humo humo, ule wa mara 100 kwa sekunde unaobaki umeme wetu wa mara 50 ukishanyooshwa. Pande mbili zikiwa sawa, mvumo unauana wenyewe kwa wenyewe. Zikipishana, unatoka nje.

Kwa hiyo kitu kidogo kama kidole cha mtoto kilikuwa kimebeba magonjwa mawili, nami nilikuwa nakilisha valvu. Mzee akabadilisha kapasita zote mbili, ya upande mbovu na ya upande mzima, akarudisha valvu nzima na nyingine aliyokuwa nayo yeye. Nikapiga waya mnene. Kwenye tano ulikuwa bado mzima. Nakumbuka nilicheka kwa sauti.

Ulibaki mkwaruzo.

"Huo sasa tutautafuta wote," akasema. Akaning'olea valvu ya kwanza ya ECC83, zile ndogo za mwanzo. Mkwaruzo ulibaki. Akairudisha, akang'oa inayofuata. Kimya. "Basi uko hapa katikati." Akachukua kijiti cha mshikaki, kikavu, akaanza kugonga. Aligonga taratibu, rezista moja baada ya nyingine, kama daktari anavyogonga kifua.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mzee."

Mchana ulikuwa mkali, bati la kibanda linalia kwa joto. Uchochoroni mtu alikuwa anapita na kahawa, anagonganisha vikombe, tukamsubiri apite. Mzee akaendelea. Alipogusa rezista moja ya kaboni, ya omu laki moja, ile inayolisha anodi, yaani sahani ya valvu, spika ikatema: chrrr, kisha shhh nyembamba ikapanda na kushuka. Ilikuwa wazi kabisa. Nikashangaa kwamba mkono wake haukusimama. Aliishaipita, anaelekea ya pili, ndipo akarudi. Alirudi kwa sababu nilikuwa nimekunja uso.

Akagonga tena pale pale. Chrrr. Hakuangalia kijiti wala spika. Macho yake yalikuwa usoni kwangu.

Nilielewa hapo. Mvumo alikuwa anausikia, maana kila ulipopungua aliutaja kabla yangu. Lakini hizi sauti nyembamba za juu zilikuwa zimeshamwacha, sijui tangu lini. Macho yake na yangu yakakutana kwa muda ambao leo nauona mrefu kuliko mchana wote ule. Hakusema neno. Nami sikusema. Akaweka kijiti chini, akachukua risasi na chuma cha kuchomea, akaitoa ile rezista, akatia mpya. Moshi wa risasi ukatupita usoni. Akawasha.

"Sasa?"

"Imeondoka, mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akatikisa kichwa na kutabasamu, kama mtu aliyesomewa barua njema.

Sehemu inayofuata huwa siisimulii. Jioni ile, kwenye mazoezi, kila mtu alifurahia besi, na kiongozi wa bendi akauliza fundi ni nani, maana ampi ya mwimbaji nayo ilikuwa inasumbua. Nikawaambia. Kisha nikaongeza kwamba mzee ni hodari sana ila masikio yake hayasikii vizuri. Sikuwa na nia mbaya. Nilidhani nasema kweli tu, na ilikuwa kweli. Ampi ya mwimbaji ikapelekwa kwingine. Vyombo vyetu vyote vikawa vinapelekwa kwingine, na sidhani kama ni bendi yetu peke yake. Niliporudi Msimbazi baadaye, kibanda kilikuwa kinauza viatu.

Ningekuwa nimenyamaza, angeendelea kwa muda gani? Na ampi ya mwimbaji, nani angemkunjia uso pale penye mkwaruzo? Nimejaribu kujijibu kwa miaka mingi. Siku nyingine najiona nilikuwa mkweli, siku nyingine najiona nilimwibia mtu mkate wake kwa sentensi moja.

Vijana bado wananiletea rekodi zao niwasikilizie kabla hawajazitoa. Wiki hii wameleta mbili. Sijawaambia kuhusu Jumapili.

Jana usiku nilimfungua Bi Mkubwa. Binti nilimkalisha kwenye kigoda, mbali na volti, mikono ameikalia. Nikatafuta kijiti cha mshikaki jikoni. Nikamwambia asikilize tu, asinionee haya, aseme anachokisikia.

"Sasa?"

"Bado, baba."

"Sasa?"

"Bado."

Nikagonga ya tatu. Nyusi zake zikapanda kabla hajasema.